Nyumba Moja, Shilingi za Nchi Mbili

Wapendwa mume na mke, mwezi huu tuchukue mfano wa familia moja. Wengi wenu mtaitambua, kwa maana familia za namna hii ziko Bungoma, Busia, Namanga na Taveta. Baba anafundisha katika shule ya binafsi huko Tororo, Uganda. Mama anaishi Bungoma na watoto wanne, naye ana duka la nafaka sokoni. Kila mwisho wa wiki baba huvuka mpaka pale Malaba. Akifika nyumbani hupokelewa mzigo mlangoni, watoto humrukia, chakula huandaliwa. Ni familia yenye upendo.

Usiku mmoja, watoto wakiwa wamelala, mama aliuliza: "Baba watoto, Mungu apishe mbali, lakini ukipatwa na jambo huko, mimi nitaanzia wapi?"

Baba akajibu, "Usijali, mama watoto. Mambo yako sawa."

Mambo hayakuwa sawa. Hati zake za mshahara zilikuwa katika sanduku kwenye chumba alichopanga Tororo. Ujanani alifanya kazi miaka saba katika kiwanda hapa Kenya, akakatwa pesa za uzeeni, na fomu aliyojaza wakati huo iliandika jina la kaka yake kuwa mrithi. Na tangu avuke mpaka, hakuwahi kupeleka taarifa ya mapato yake kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, yaani KRA. Hakuwa mwizi wala mwongo. Alidhani kwamba kumwondolea mke mzigo wa mambo haya ndiko kumpenda.

Hapo ndipo penye kosa, na ndilo somo letu. Mfanyakazi wa nchi mbili anadaiwa na serikali mbili na kuwekewa akiba katika hazina mbili, lakini nyumba yake ni moja. Jambo ambalo mmoja peke yake analijua, akiondoka huondoka nalo.

USHURU: NI NANI ANAYEKUDAI?

Watu wengi husema, "Nimekatwa ushuru Uganda, Kenya hainihusu tena." Sheria haisemi hivyo. Kwa sheria ya ushuru ya Kenya, mtu mwenye makao ya kudumu hapa, ambaye amekuwapo nchini kwa muda wowote ule katika mwaka huo, ni mkazi. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa mkazi akikaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Vilevile huwa mkazi akija mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia, iwapo wastani wa siku zake unapita 122 kwa mwaka.

Tumtazame baba yetu sasa. Nyumba yake, mke wake na watoto wake wako Bungoma, naye huja kila wiki. Huyo ni mkazi wa Kenya. Lakini Uganda nayo humhesabu kuwa mkazi mtu aliyekaa huko siku 183 katika kipindi cha miezi 12. Kwa hiyo baba ni mkazi wa nchi zote mbili kwa wakati mmoja! Usishangae. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi wa mipakani.

Je, atalipa mara mbili? Msiogope. Sheria ya Kenya humtaka mkazi ataje mshahara wake hata kama ameupata nje ya nchi. Lakini kwa raia wa Kenya aliyeajiriwa nje, ushuru alioulipa huko juu ya mshahara huo huondolewa katika ule anaodaiwa hapa. Tuseme hesabu ya Kenya ni shilingi 60,000 kwa mwaka, naye amekwisha kukatwa Uganda kiasi kinacholingana na shilingi 45,000 za Kenya. Atalipa 15,000 zilizobaki. Kama Uganda ilimkata zaidi ya 60,000, Kenya haimdai kitu juu ya mshahara huo, wala hairudishi kile kilichozidi.

Lakini hapunguziwi mtu kwa maneno matupu. Lazima aonyeshe hati. Na hapa pana mtego: mwaka wa ushuru wa Kenya huanza Januari na kuisha Desemba, bali wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kwa hiyo hati ya mwaka mmoja wa Uganda haitoshi kwa mwaka mmoja wa Kenya. Dawa yake ni rahisi: tunza hati ya mshahara ya kila mwezi. Ukiwa nazo zote 12, kuanzia Januari hadi Desemba, hesabu itakwenda vizuri.

Taarifa ya Kenya hupelekwa kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata kupita. Mtu binafsi akichelewa hutozwa faini ya asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa au shilingi 2,000, kile kilicho kikubwa. Mwenye miaka mingi ya nyuma asijifiche. Aende ofisi ya KRA na karatasi zake, aulize deni lake ni kiasi gani na namna ya kulimaliza. Deni linalojulikana hupangiwa mpango; lililofichwa humea.

Mnaweza kusikia kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mkataba wa kuzuia ushuru wa mara mbili. Ni kweli ulitiwa saini mwaka wa 2010, lakini miaka mingi ilipita bila nchi zote kuuridhia. Msiutegemee kwa kusikia tu. Tegemeeni hati zenu.

Na kama mna nyumba ya kupangisha hapa Kenya, msiisahau. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba za kuishi inayofikia kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5, nao hulipwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Wengine watauliza: haya yana uhusiano gani na ndoa ya Kikristo? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika aya ya 2240, inahesabu kulipa ushuru kuwa wajibu wa kimaadili. Zaidi ya hayo, faini ya baba hailipwi na baba peke yake. Hutoka katika karo ya mtoto na mtaji wa duka la mama.

AKIBA YA UZEENI: HAZINA MBILI

Kenya ina NSSF yake na Uganda ina NSSF yake. Majina ni mamoja, lakini ni hazina mbili mbalimbali. Akiba ya Nairobi haihamii Kampala yenyewe. Kila moja hukaa mahali pake ikimngoja mwenyewe.

Huko Uganda mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka wa 2022, kila mwajiri anawajibika kuchanga, hata mwenye wafanyakazi wachache. Tuseme baba yetu hupata shilingi 800,000 za Uganda kwa mwezi. Yeye hukatwa 40,000, na shule huongeza 80,000. Jumla ni 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Katika miaka kumi ni 14,400,000 kabla ya kuhesabu riba. Haya si makombo! Lakini je, shule inazipeleka kweli? Usitosheke na kuona umekatwa. Omba taarifa ya akaunti yako katika hazina yenyewe, na uipate walau mara moja kwa mwaka.

Hapa Kenya mfanyakazi huchanga asilimia 6 na mwajiri asilimia 6, kwa mishahara isiyopita kiwango kilichowekwa. Mama mwenye duka hana mwajiri, lakini naye anaweza kujiandikisha kwa hiari. Mama mpendwa, usiseme, "Akiba ya bwana yatosha." Uzee wako nao una mahitaji yake.

Umri wa kulipwa nao hutofautiana. Uganda hulipa mtu akifika miaka 55. Kenya umri wa kustaafu ni miaka 60, ingawa aliyestaafu mapema aweza kudai kuanzia miaka 50. Habari njema ni kwamba tangu mwishoni mwa Desemba 2024, Kenya haitozi ushuru malipo ya uzeeni kutoka hazina zilizosajiliwa, mtu akiwa amefika umri wa kustaafu.

Uganda ina jambo jingine ambalo limezua ugomvi katika nyumba kadhaa. Mwanachama mwenye miaka 45 au zaidi, aliyeweka akiba kwa miaka 10, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Katika mfano wetu hiyo ni 2,880,000 au zaidi. Kuna baba anayezichukua na kununua pikipiki bila mke kujua. Ruhusa ya sheria si ruhusa ya nyumba. Ninyi wawili semezaneni kwanza: kuna haja gani, na uzeeni tutazijaza kwa nini? Baada ya kuongea huenda mkaamua kuzichukua, na huenda mkaamua kuziacha. Lililo la muhimu ni kwamba mmeamua pamoja.

JINA LA NANI LIKO KATIKA FOMU?

Ndugu yangu, tafuta fomu uliyojaza ukiwa kijana bila mke. Huenda umemwandika mama yako, kaka yako, au hata rafiki. Hakuna ubaya, wakati ule hao ndio uliokuwa nao. Lakini baadaye ulisimama altareni ukaweka agano na mtu mwingine. Nenda ukaibadilishe, Kenya na Uganda pia. Kama wazazi wako wanakutegemea, zungumza na mkeo mpange sehemu yao waziwazi, ili siku ya msiba pasiwe na vita kati ya mjane na wakwe zake.

Angalieni pia majina yenyewe. Cheti cha ubatizo kinasema Yohana, kitambulisho kinasema John, na hazina ya Uganda imeyaandika majina kinyumenyume. Kwa karani, hao ni watu watatu. Rekebisheni mapema, mwenyewe akiwa hai na mwenye uwezo wa kutia sahihi.

KAZI YA JUMAPILI MOJA

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Baada ya Misa na chakula, ketini wawili mezani mkiwa na faili moja. Ndani yake wekeni:

1. Nambari ya PIN ya KRA ya kila mmoja, na nambari ya mlipa ushuru ya Uganda.
2. Nambari za uanachama za NSSF ya Kenya na ya Uganda, pamoja na taarifa ya karibuni ya kila akaunti.
3. Hati za mshahara, mwezi baada ya mwezi.
4. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na nakala za vitambulisho.
5. Karatasi moja ya madeni yote, ya baba na ya mama.

Hiyo ya tano ndiyo ngumu. Baba yule wa Tororo alipoileta yake, mkono ulimtetemeka. Mama aliisoma yote, akanyamaza kidogo, kisha akaenda chumbani akarudi na kitabu chake cha chama cha akina mama. Naye alikuwa na mkopo ambao hakuwa amesema. Walitazamana, wakacheka. Jumatatu iliyofuata baba aliomba ruhusa kazini, wakaenda ofisi ya KRA pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Leo hii, mwenzangu akihitaji hati zangu nami nisiwepo, atazipata wapi?
2. Ni jambo gani la pesa ambalo nimeogopa kumwambia, na kwa nini?
3. Tukistaafu tunataka kuishi upande gani wa mpaka, na akiba ipi itatufikia kwanza?