Vidokezo Tisa kwa Wasahaulifu

Kuna mtu atakutajia kikosi cha Simba kilichoivua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003, kuanzia kipa Juma Kaseja hadi waliokaa benchi, na penalti za Cairo atakusimulia moja baada ya nyingine. Sasa muulize funguo za nyumba kaziweka wapi. Ataanza kupapasa mifuko.

Kumbukumbu yake haina kasoro. Mechi aliifuata kwa moyo wote. Funguo alizitupa mahali huku anaongea na simu. Mengi tunayodai tumeyasahau hayakuwahi kuingia kichwani. Kwa hiyo hapa hakuna atakayeambiwa ale samaki zaidi au ajaze mafumbo ya gazetini. Kichwa kipunguziwe kazi, basi.

1. Sema kwa sauti. "Funguo juu ya friji." "Pasi nimechomoa." "Mlango nimefunga." Mambo ya kila siku mikono huyafanya yenyewe, akili ikiwa imeshafika Kariakoo. Ndipo ukiwa kituoni unajiuliza: pasi ninayokumbuka kuichomoa ni ya leo au ya juzi? Ukitamka, umelazimika kuangalia. Watoto watakucheka. Waache wacheke, mlango umefungwa.

2. Piga msumari nyuma ya mlango. Funguo zikae hapo na si kwingine, hata kwa dakika moja. Na chochote kinachotakiwa kutoka kesho, iwe bakuli la jirani, fomu ya shule au ile chaja ya watu, kiweke juu ya viatu vyako tangu usiku. Hakuna anayekwenda kazini peku.

3. Jihadhari ukishafika. Hapa ndipo vitu vingi hupotelea. Akili ikiona jambo lililokupeleka limetimia hufunga hesabu, na vilivyosalia huachwa: mwavuli kwenye daladala, cheti halisi kwenye mashine ya fotokopi, kadi kwenye ATM. Wanaotengeneza mashine za kutolea pesa wanalijua hili. Mteja akipewa noti kwanza, huzikunja na kuondoka zake, kadi ikabaki. Ndiyo sababu mashine nyingi hukurudishia kadi kwanza, pesa baadaye. Nawe panga vivyo hivyo. Steshenari, cheti chako kirudi mkononi kabla hujalipa. Mwavuli uushike, usiutundike kwenye kiti cha mbele. Na chenji ya konda, yule aliyekwambia "subiri kwanza", idai kituo kimoja kabla ya chako. Ukishashuka Mwenge na gari likaondoka, hiyo ihesabu sadaka.

4. "Baadaye" ipe saa. Anayesema "nitakupigia baadaye" mara nyingi hadanganyi, ila hakuna kitakachomkumbusha. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio, yaani nikimaliza hiki nafanya kile, hutimizwa zaidi kuliko nia tupu. Watu wa Pwani hawakumsubiri: miadi ni baada ya Alasiri, na deni linalipwa watu wakitoka Ijumaa. Basi usiseme utampigia shangazi. Sema utampigia ukishanawa mikono baada ya chakula cha mchana.

Dawa nazo ni hivyo hivyo. Vidonge vya presha viandamane na chai ya asubuhi, au vikae karibu na mswaki. Mwenye dozi ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita, amwombe mtu wa nyumbani amsimamie, maana kikohozi huisha mapema na mgonjwa aliyepona kikohozi ni mwepesi wa kusahau. Na ukiruka dozi, usimeze mbili kwa mpigo ili kufidia. Muulize kwanza mfamasia.

5. Toka jikoni na mwiko. Umebandika maharage, simu inaita sebuleni. Nenda, lakini nenda na mwiko. Kengele ya simu nayo inafaa, tatizo lake ni kwamba huzimwa kwa kidole macho yakiwa kwenye tamthilia. Mtu aliyeketi kwenye kochi ameshika mwiko hasahau maharage kwa muda mrefu, na akisahau, wenzake watamuuliza kulikoni.

6. Jina liulize siku ya kwanza. Kuuliza "samahani, jina lako nani tena?" katika dakika ya pili hakuna ubaya. Kuuliza baada ya mwaka mzima wa kuitana "mkuu" na "jirani" ni aibu kwa wote wawili. Jina ni gumu kushika kwa sababu halina picha: ukiambiwa huyu ni fundi cherehani, unaona vitambaa na futi ya kupimia; ukiambiwa huyu ni Rashidi, huoni kitu. Lipe basi cha kushikia: Rashidi wa vitumbua, Neema wa nyuma ya msikiti. Bahati nzuri tuna akina Mama Asha na Baba Juma, ambapo jina moja la mtoto linakuokoa kwa wazazi wawili. Na kama umeshachelewa kabisa, mpe simu yako umwambie, "Hebu jisevu mwenyewe." Wengine wameshaishtukia mbinu hii, kwa hiyo itumie kwa kiasi.

7. Namba ndefu ziandike. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na tokeni ya LUKU ina 20 pia. Za NIDA, 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, hivyo zinazokusumbua ni 12 tu. Hata hivyo ziandike kwenye daftari nyumbani, si kwenye simu peke yake, kwa sababu simu ikiibiwa utaulizwa namba hiyo hiyo unapokwenda kurudisha laini. Namba ya siri ndiyo ibaki kichwani, na isiwe mwaka uliozaliwa.

8. Ukikopesha, andika. Ukikopa, andika kwa wino mwekundu.

9. Utambue usahaulifu usio wa kawaida. Kutojua funguo ziko wapi ni jambo la kila mtu. Mzee asiyejua tena funguo ni za kazi gani, anayepotea njia aliyoipita miaka yote, au anayerudia swali lile lile kila baada ya dakika chache, huyo huenda anaumwa. Msiseme ni uzee tu, na msimsingizie uchawi. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi isiyofanya kazi sawasawa, sonona na hata baadhi ya dawa huweza kuleta usahaulifu, na hayo yana tiba. Mpelekeni hospitali, tena aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu yeye mwenyewe hatakumbuka kumweleza daktari anasahau nini.