Kichwa Kinalia, Mwenye Kosa ni Shingo

Munganga, kichwa kinanigonga kila wiki, upande uleule. Kipimo hakionyeshi malaria, lakini dawa nakunywa. Mbona siponi?

Barua kutoka mitaa ya Kataki na Lubuye zinaimba wimbo huu mmoja, nazijibu pamoja. Huponi kwa sababu si malaria. Wengine mmesisitiza kwamba "imejificha shingoni". Haijifichi huko! Mdudu wa malaria yumo damuni, ndiyo maana tunakutoboa kidole. Kilichojificha shingoni ni chanzo cha maumivu. Mishipa mitatu ya fahamu ya juu ya shingo hukutana na mshipa wa hisia za uso mahali pamoja, pale uti wa mgongo unapoungana na ubongo. Kelele zikitoka kisogoni, ubongo hudhani zimetoka juu ya jicho. Daktari Ottar Sjaastad wa Norwei aliyapa maumivu haya jina mwaka 1983, kwa hiyo si ugonjwa niliouzua mimi. Huanzia kisogoni, hupanda upande mmoja bila kuhama, huamka ukigeuza shingo. Mimi humlaza mgonjwa chali, naikunja shingo mpaka mwisho, kisha naizungusha kulia na kushoto. Shingo yenye afya hufika nyuzi 44 hivi kila upande. Ikikwama kabla ya 33 upande unaouma, mwizi nimemkaribia.

Nipige picha ya radio?

Kwa kawaida, tunza pesa yako. Shingo nyingi za watu wa miaka 50 huonyesha mifupa iliyolika, hata za wasioumwa.

Kinyozi hunivunja shingo, "krak", napata nafuu. Kuna ubaya?

Mwambie aishie kwenye ndevu. Mishipa ya damu iendayo ubongoni hupita ndani ya mifupa ya shingo. Mmoja ukichanika, unaweza kupooza. Nanyi mnaochanjwa chale za panjani, mnaiadhibu ngozi isiyo na kosa.

Nauza ndagala, beseni liko kichwani kila siku. Niache?

Ule nini, mama? Usiache. Gawa mzigo uwe safari mbili, na uwe na mtu wa kukutwika na kukutua. Jioni lala chali, itikia "ndiyo" polepole, kidevu kiingie ndani bila kichwa kuinuka. Hesabu 10, pumzika, rudia mara 10. Huko Australia, utafiti wa 2002 uliwafuata watu 200: waliofanya mazoezi na waliotibiwa shingo kwa mikono ya mtaalamu, wiki sita, walipata nafuu iliyodumu mwaka. Wiki sita, mama. Wagonjwa wangu huacha siku ya tatu, kisha husema munganga hajui kazi.

Parasetamoli kila siku?

Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, zenyewe huzaa kichwa kingine.

Mtoto ana homa kali na shingo imekakamaa. Nimpe zoezi gani?

Hilo haliandikiwi barua. Mbebe hospitali usiku huuhuu, huenda ni homa ya uti wa mgongo.