Kiwiliwili Imara kwa Wanariadha Chipukizi: Mazoezi Manne Yasiyohitaji Vifaa

Katika shule nyingi za vijijini, maandalizi ya mbio za UMITASHUMTA na UMISSETA huishia katika kuzunguka uwanja. Miguu hupata mazoezi, lakini kiwiliwili husahauliwa. Athari zake huonekana mwishoni mwa mbio, pale mtoto aliyekuwa akiongoza anapoanza kuinama, kuyumba kiuno na kufupisha hatua, huku wenzake wakimpita. Makala haya yanawalenga walimu, wazazi na vijana wa Kata ya Gwata na vijiji jirani.

Mkoa wa Pwani si mgeni katika riadha. Filbert Bayi, mwanzilishi wa shule zinazobeba jina lake huko Mkuza, Kibaha, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwezi Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42.195. Ushindi wa namna hiyo humtaka mkimbiaji audhibiti mwili wake hadi hatua ya mwisho.

Misuli ya tumbo, mgongo wa chini, nyonga na makalio ndiyo inayounganisha miguu na mikono. Ikiwa imara, nguvu ya mguu unaosukuma ardhi humpeleka mkimbiaji mbele. Ikichoka, nyonga huyumba, sehemu ya nguvu hiyo hupotea, kifua hujikunja na pumzi huwa fupi.

Vinavyohitajika ni mkeka au nyasi na kivuli cha mwembe. Wanafunzi wapashe mwili moto kwa dakika 10, kisha wafanye yafuatayo:

1. Ubao. Lala kifudifudi, jiinue kwa vigasha na vidole vya miguu. Mwili unyooke kuanzia kichwa hadi visigino. Kiuno kisibonyee wala kuinuka. Anayeanza aweke magoti chini.

2. Ubao wa ubavu. Lala kwa ubavu, jiinue kwa kigasha kimoja, nyonga ikiwa juu. Kisha badili upande.

3. Daraja. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua nyonga hadi mapaja na tumbo viwe katika mstari mmoja, kaza makalio, kisha shuka polepole.

4. Mkono na mguu. Piga magoti na kushika chini kwa viganja. Nyoosha mkono wa kulia pamoja na mguu wa kushoto bila kuyumba, kisha badili.

Kwa mazoezi mawili ya kwanza, mwanafunzi ajizuie kwa sekunde 15 hadi 20. Kwa mawili ya mwisho, arudie mara 8 hadi 10. Kila zoezi lifanyike kwa awamu 2 au 3, siku 3 kwa wiki, zisizofuatana. Pasipo saa, mwalimu ahesabu kwa sauti na wanafunzi waitikie. Anayeweza kuitikia habani pumzi. Muda uongezwe kwa sekunde 5 kila wiki iwapo tu umbo la zoezi halijaharibika. Sekunde 15 za ubao ulionyooka zina faida kuliko dakika nzima ya mgongo uliobonyea.

Tahadhari ni muhimu. Mwili wa mtoto bado unakua. Asibebeshwe mawe wala ndoo za mchanga ili "akomae". Mazoezi yasitumike kuwa adhabu, kwa kuwa mtoto anayeadhibiwa kwa zoezi hulichukia. Wasichana wapewe nafasi na mavazi yenye staha ili wasibaki watazamaji. Uchovu wa misuli ni wa kawaida, lakini maumivu makali ya mgongo, au maumivu yanayoteremka mguuni, ni dalili ya kusimamisha mazoezi na kumpeleka mtoto zahanati.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 15, mara tatu kwa wiki, haziwezi kumfanya kila mtoto kuwa bingwa, lakini zitamsaidia kumaliza mbio akiwa wima na kumpunguzia hatari ya kuiacha riadha mapema kwa sababu ya maumivu. Walimu wanaohitaji ufafanuzi zaidi wawasiliane na Afisa Michezo wa Halmashauri kupitia Afisa Elimu Kata.