Unataka Everest? Njoo tukae kwanza

Haya wadogo zangu, safari hii kuna mmoja wenu kaniandikia kutoka Moshi. Anataka kupanda Everest, halafu aende Ncha ya Kusini. Mama yake kanuna. "Dada, niambie kama nina wazimu."

Wazimu huna. Saray Khumalo, mzaliwa wa Zambia anayeishi Afrika Kusini, ni mama wa watoto wawili na mtu wa kazi za ofisini. Kilimanjaro alipanda mwaka 2012. Mei 2019 akasimama juu ya Everest, mita 8,849, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Afrika kufika pale. Ila ninyi mnaona picha ya kileleni tu. Majaribio yake ya kwanza yalikwama: mwaka 2014 poromoko la barafu liliua watu 16 na msimu ukavunjika. Mwaka 2015 likaja tetemeko la Nepal. Mwaka 2017 alikikaribia kilele, hali ikaharibika, akashuka. Hapo ndipo ninapompendea huyu dada.

Kupanda hata mkaidi anapanda. Kazi ni kugeuka. Kule juu hewa unayovuta ni kama theluthi tu ya ile ya pwani. Kichwa kinagonga, unatapika, unapepesuka kama mlevi, na akili inakudanganya kwamba uko sawa. Dawa ni kushuka, tena upesi. Januari 1909 mpelelezi Shackleton alibakiza kilomita 180 hivi kufika Ncha ya Kusini, akapiga hesabu ya chakula, akageuza na wenzake watatu, wote wakarudi hai. Mpelelezi mwingine, Scott, alifika mwaka 1912. Yeye na wanne aliofuatana nao walifia njiani wakirudi. Mimi nikiambiwa nichague wa kusafiri naye, namchukua Shackleton asubuhi na mapema.

Ncha yenyewe inachosha kuliko inavyotisha. Unavuta sleji yenye mizigo yako kutwa nzima katika weupe mtupu, baridi ya nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri, na hicho ndicho kiangazi chao. Adui wako ni jasho: ukisimama tu, linaganda. Kwa hiyo unapunguza nguo kabla hujapata joto. Glavu nayo haivuliwi ovyo. Unafunga buckle moja, vidole vimeshakufa ganzi. Maji ya kunywa ni theluji unayoyeyusha kwenye jiko dogo hemani, na umechoka hoi. Na hedhi, maana najua mtanifuata faragha: pedi zilizotumika unarudi nazo kwenye sleji. Antaktika hawaachi takataka.

Pesa sasa. Kibali cha Everest peke yake, kwa mgeni anayepanda msimu wa machipuko kutoka upande wa Nepal, ni dola 15,000 tangu mwaka 2025. Hujalipa ndege, waongozaji wala oksijeni. Kwa hiyo usiache kazi, na usikope kwenye kikoba kwa ajili ya kilele.

Wewe uko Moshi, bahati iliyoje! Anza na Meru, mita 4,566, uone mwili wako unavyopokea. Kisha Kilimanjaro, na huko kaa karibu na wagumu, wapagazi wetu. Watazame wanavyokula, wanavyopumzika, wanavyomsoma mgeni anayeanza kulegea. Kiongozi akisema shuka, usibishane naye.

Mama ataendelea kununa. Mwachie namba ya kiongozi na tarehe ya kushuka, na ukifika lango la kushukia la Mweka mpigie yeye kwanza, kabla hujaweka picha.