Kabla Hujawasha Gladiator: Vidokezo kwa Watazamaji wa Embu na Meru

Mvua ikinyesha Jumamosi jioni na kazi ya shamba imekwisha, kinachobaki ni sinema. Na sinema yenyewe iwe ya wafalme, farasi na panga, maana hiyo ndiyo inayotuliza nyumba nzima. Vidokezo vifuatavyo vitakusaidia kuzifaidi filamu za aina hii kwa jicho la mtu wa huku mlimani.

1. Pima muda kwanza. Gladiator ya mwaka 2000 ni dakika 155. Ben-Hur ya 1959 inapita saa tatu na nusu, na Lawrence of Arabia ukiianza saa tatu usiku utalala kuelekea saa saba. Githeri iwe tayari jikoni na chai ijae thamosi. Watu wa Maua wenye miraa ya kangeta mfukoni wanaweza kuruka kidokezo hiki.

2. Tazama ardhi kabla ya kutazama mapanga. Vita vinavyofungua Gladiator tunaambiwa ni vya Germania, ingawa msitu ule uko kusini mwa Uingereza. Ona jinsi Warumi wanavyojipanga safu kwa safu, wapanda farasi pembeni, mishale ya moto juu. Sasa panda matatu kutoka Embu hadi Meru uhesabu mito: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga. Kila mmoja una bonde lake, na kila bonde ni ukuta. Jeshi la watu elfu kumi lingejipanga wapi hapa? Lingeshuka mmoja mmoja kama mbuzi wanaokwenda kunywa maji.

Ndiyo maana vita vya Wameru wa kale havikufanana na vya Roma. Nthaka, yaani vijana wa vita, walikaa pamoja kwenye gaaru, nyumba yao, na kazi yao kubwa ilikuwa kuvamia ghafla, kuswaga ng'ombe na kurudi salama ng'ambo ya mto. Mtafiti Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee wa Meru mwaka 1969 na 1970, kisha akachapisha kitabu kizima kuhusu vita hivyo mwaka 1982. Jambo lililonishika humo ni kwamba mateka aliweza kukombolewa kwa ng'ombe. Nionyeshe filamu ya Hollywood ambamo shujaa anashindwa, baba yake analipa mifugo, naye anarudi nyumbani kunywa uji.

3. Uliza ni vita gani vimerukwa. Zulu, ya 1964, inasimulia mapigano ya Rorke's Drift, Januari 1879: wanajeshi wa Kiingereza wapatao 150 wanazuia maelfu ya Wazulu. Ni filamu tamu, sikatai. Lakini siku hiyohiyo, kule Isandlwana, Wazulu walikuwa wameua watu zaidi ya 1,300 wa kikosi cha himaya, na filamu inalipita jambo hilo mbiombio mwanzoni. Tafuta Zulu Dawn ya 1979 uzitazame pamoja. Na usikose kumwangalia Mfalme Cetshwayo katika ile ya 1964: aliyemwigiza ni Mangosuthu Buthelezi, kitukuu wa mfalme mwenyewe.

4. Angalia alama ya umri. Damu ya filamu ya 300 si ya mtoto wa darasa la tatu, hata akisema kwa kina fulani ameshaiona.

5. Mtafute mzee anayekataa vita. Karibu kila filamu ya himaya inaye. Anaonekana dakika mbili, anaitwa mwoga, halafu anasahaulika. Sisi tunajua zaidi. Mwaka 1906 Waingereza waliivamia Embu kwa jeshi, na Waembu wakapigana hadi wakashindwa kwa bunduki. Habari zilivuka mabonde yale yote niliyoyataja. Mwingereza E. B. Horne alipokuja kujenga kituo cha serikali Meru mwaka 1908, wazee wengi walichagua maneno badala ya mikuki. Wakampa na jina: Kangangi.

Hakuna kampuni itakayotoa fedha kwa filamu ya wazee waliokaa chini ya mti wakibishana saa mbili. Mimi ningelipa kiingilio. Jirani yako ameshashindwa, nthaka wako wamekasirika, na mgeni yuko njiani: mvutano gani unaozidi huo? Ukitaka kuanza na kitu cha kugusa kwa mkono, nenda Makumbusho ya Meru mjini. Jengo lile la mawe lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya (DC).

6. Usimdharau DJ Afro, msimulizi wa filamu. Anachoongeza hakimo katika filamu, na mara nyingi ndicho utakachokumbuka.

7. Ukifika kwenye filamu za Mau Mau, angalia kamera imesimama wapi. Simba ya 1955 na Something of Value ya 1957 ziliisimamisha kwenye baraza la mlowezi. The Kitchen Toto ya 1987 iliisogeza hadi jikoni, kwa mtoto mtumishi. Bado nangoja ile itakayoanzia msituni, kwa Jenerali Kubu Kubu wa Embu, au kwa Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka mafichoni uhuru ulipofika 1963 akapigwa picha akiwa pamoja na Kenyatta.

8. Stima ikipotea, usifungue simu. Mwombe mzee aliye karibu akusimulie kisa cha Mbwaa. Wameru walikuwa watumwa huko pwani, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, wenye nguo nyekundu. Mabwana wakatoa mitihani ya kuwakomesha: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili! Mikuki ifike mbinguni! Kiatu kilipatikana, kutoka kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe dume. Mkuki wa mbinguni ukashindikana, na Koomenjwe akawaongoza watu usiku hadi majini, akayapiga kwa fimbo, yakafunguka. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Wa alfajiri ni Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka ni Njeru, weupe. Mzee akimaliza, muulize ninyi mlivuka saa ngapi.