SOMO LA HESABU: Kosa la Daftari Halifutwi, Linasahihishwa



Mwaka wa hesabu unapokwisha, chama cha ushirika hufunga vitabu. Hapo makosa ya miezi kumi na miwili hujitokeza. Wengine wakiona kosa hushika kifutio, au huchana ukurasa. Hiyo ni hatari. Mkaguzi akikuta pamefutwa, atajuaje kama lilikuwa kosa au wizi?

Kanuni ni hii: kosa la zamani tunaliacha lionekane. Tunaandika hesabu mpya ya kulisahihisha. Hesabu hiyo ina pande mbili, debiti kushoto na krediti kulia. Pande hizo lazima zilingane. Tutazame mifano mitatu.

1. Malipo kwa jina la mwingine

Mwanachama namba 27 alilipa deni la mbolea, shilingi 85,000. Karani akaandika namba 72. Jumla za vitabu zinalingana, kwa hiyo urari hauonyeshi kosa. Lakini namba 27 atadaiwa mara ya pili! Tunaandika:

Debiti: Mwanachama 72 – 85,000
Krediti: Mwanachama 27 – 85,000

2. Mali iliyoitwa matumizi

Chama kilinunua mizani kwa shilingi 360,000. Ikaandikwa kwenye matengenezo. Mizani itatumika miaka mingi, basi ni mali.

Debiti: Vifaa – 360,000
Krediti: Matengenezo – 360,000

Faida inapanda kwa shilingi 360,000, kabla ya kutoa uchakavu. Lakini sandukuni haikuingia hata senti moja. Wanachama wasidai kugawana hela ambazo hazipo.

3. Tarakimu zilizogeuzwa

Mauzo ya taslimu ya shilingi 54,000 yaliandikwa 45,000 kwenye fedha na kwenye mauzo. Sandukuni zikazidi shilingi 9,000. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda tarakimu zimegeuzwa. Tafuta kwanza stakabadhi, ndipo uandike:

Debiti: Fedha taslimu – 9,000
Krediti: Mauzo – 9,000

Tukumbuke

Kila sahihisho liwe na tarehe, maelezo mafupi, namba ya stakabadhi, na sahihi ya aliyeandika na aliyeidhinisha. Hela zikipungua na stakabadhi haipo, usitunge sahihisho ili hesabu zilingane tu. Peleka jambo hilo kwenye bodi ya chama. Na wewe mwanachama, tunza stakabadhi zako. Kabla ya mkutano mkuu, nenda ukazilinganishe na daftari. Kujua kusoma ndiyo kazi yake hiyo.

Zoezi

Chama kinadaiwa nauli ya lori ya mwezi wa mwisho, shilingi 120,000. Haijalipwa wala kuandikwa. Debiti ni ipi, na krediti ni ipi?

Jibu: Debiti ni Usafirishaji, krediti ni Wadai. Fedha taslimu haiguswi mpaka siku ya kulipa.