Uchovu wa Mwalimu

Watoto wetu twawakabidhi kwa waalimu toka asubuhi hata alasiri, lakini mzigo wa waalimu hao hatuujui. Wazee walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi katika somo hili na tuupime mzigo huo.

Watu wakimwona mwalimu anatoka shuleni husema, "Kazi yake imekwisha." Sivyo. Mwalimu mwenye watoto 80 akilitazama kila daftari kwa dakika 2 tu, atatumia dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Na hilo ni somo moja la siku moja. Bado hajaandika maandalio ya kesho. Na madarasa makubwa namna hii yapo. Tanzania iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003. Watoto wengi sana wakaingia shuleni, nasi twafurahi kwa ajili yao. Walakini waalimu hawakuongezeka kwa kadiri ileile.

Kazi isiyo na mpaka humla mtu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii, kwamba si ugonjwa, bali ni hali itokayo katika taabu ya kazini iliyodumu bila kutulizwa. Dalili zake ni tatu. Kwanza, nguvu humwishia mtu. Pili, moyo wake hujitenga na kazi, akainenea kwa uchungu. Tatu, hafanikiwi tena kazini kama zamani. Tukiona hayo kwa mwalimu, tusiseme upesi kwamba ni mvivu. Huenda alikuwa mwenye bidii kupita wote. Lakini mtu akikosa usingizi siku nyingi, au akikata tamaa ya kuishi, huo si uchovu tu: asiachwe peke yake, apelekwe hospitali mara moja, wala asione haya.

Yafaa tufanye nini? Mwalimu na achague siku moja katika juma ambayo hashiki madaftari kabisa. Mazoezi mafupi, watoto waweza kusahihishiana yeye akiwasimamia. Mwalimu mkuu na agawanye kazi za ziada sawasawa, asimlemeze yule asiyejua kukataa.

Na sisi wa usharika tusijitoe katika neno hili. Kwa kuwa mwalimu ajua kuandika, twamfanya mwandishi wa kamati. Kwa kuwa ajua kuimba, twampa kwaya. Kwa kuwa ajua hesabu, twampa na fedha. Hivyo siku yake ya kupumzika sisi wenyewe tumeichukua.

Maswali ya kufikiri pamoja:
1. Mwalimu wa kwetu ana watoto wangapi darasani?
2. Tumempa kazi ngapi nje ya shule?
3. Ni ipi tuwezayo kumpokea juma hili, na nani ataishika?